Barua ya Ijumaa katika Miezi ya Theluji

Tangu mwishoni mwa Novemba hadi theluji inapoanza kuyeyuka mwezi Machi, barua ya wiki ya shule ya msingi wanakosoma wanangu hunifikia mara mbili kila Ijumaa. Mara ya kwanza huja asubuhi, kabla haijatoka, pamoja na ombi la katibu wa shule kwamba niipitie tafsiri yake ya Kiswahili na kurekebisha palipoharibika; mara ya pili huja jioni, kama inavyomjia mzazi mwingine yeyote. Huu ni msimu wa nne wa baridi nikiifanya kazi hiyo ya kujitolea hapa kaskazini mwa Marekani, na kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba barua za miezi ya baridi hazifanani na za miezi mingine. Mzazi akiikosa barua ya Septemba, atakosa picha za siku ya kwanza ya masomo. Akiikosa ya Januari, mtoto wake anaweza kusimama gizani akisubiri basi ambalo halitakuja.

Ninalisema hilo kwa sababu lilitupata. Katika msimu wetu wa kwanza wa baridi, binti yangu akiwa darasa la kwanza, barua ya shule ilikuwa imeeleza kwa aya nzima jinsi shule inavyotangaza siku za theluji, nami niliipitisha macho tu nikaiacha. Wiki iliyofuata theluji ilianguka usiku kucha. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu yangu ikaita kutoka namba nisiyoifahamu, nikaiacha iite hadi ikakata, kisha tukajifunga makoti tukatoka. Tulisimama kituoni karibu saa nzima, mtoto akiwa ameficha uso tumboni mwangu, mpaka jirani alipofungua dirisha la gari lake akatuambia kwamba shule imesogezwa mbele. Ile simu ilikuwa ya shule. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa sauti iliyorekodiwa, tena wa nusu dakika tu, na laiti ningeipokea, au ningeisoma ile aya siku tano kabla, mtoto wangu angekuwa bado yuko kitandani.

Kwa hiyo kila mwaka, barua ya kwanza ya msimu inapofika, aya hiyo ndiyo ninayoifanyia kazi kuliko zote. Asubuhi ya theluji inaweza kuleta mojawapo ya mambo kadhaa: shule kufungwa kabisa, shule kuanza kwa kuchelewa, shule kuwaachia watoto mapema kwa sababu dhoruba inakuja mchana, au, katika wilaya nyingine za shule, watoto kusomea nyumbani kwa kompyuta. Mabasi nayo hufuata uamuzi huo. Shule ikichelewa, basi huchelewa kwa muda uleule. Shule ikiwaachia watoto mapema, basi humfikisha mtoto nyumbani mapema, na ndiyo maana ofisi husisitiza kwamba namba za simu za wazazi na za mtu mwingine wa kupigiwa wakati wa dharura ziwe sahihi kabla ya Desemba. Kama mmebadilisha namba tangu Agosti na hamjaiambia ofisi, basi simu ya alfajiri itaita mahali pengine.

Hapa ndipo lugha yetu inapodai uangalifu ambao mashine ya kutafsiri haina. Katika Kiswahili, "saa mbili" ni muda, na pia ni wakati. Mashine ilipoandika kwamba "shule itachelewa saa mbili", baadhi ya wazazi walielewa kwamba masomo yataanza saa mbili asubuhi, wakawaleta watoto wakati milango ya shule ingali imefungwa. Kuna pia saa yenyewe. Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, Wamarekani wanahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, na mashine huchukua tarakimu zao ikazibandikia neno "saa" bila kuzigeuza. Mzazi anayesoma kwamba mkutano ni "saa 3 alasiri" anabaki akijiuliza kama ni tatu yao au tatu yetu, kwa maana kwetu alasiri haina saa tatu. Siku hizi ninaandika vyote viwili bila kuchoka: "Shule itaanza ikiwa imechelewa kwa muda wa saa mbili, yaani saa nne kasorobo asubuhi (9:45 kwenye saa ya simu)." Sentensi imekuwa ndefu, lakini tangu tuanze kuiandika hivyo sijasikia mtoto aliyekuta mlango umefungwa.

Kosa lililoniumiza zaidi lilitokea mwezi Februari wa mwaka wa pili. Dhoruba ilikuwa ikitarajiwa, na shule ikatuma ujumbe wa haraka ambao haukupitia kwangu, ukisema kwamba watoto wote "watafukuzwa saa 1:00". Neno la Kiingereza linalotumika kwa kuwaachia watoto mwisho wa siku hutumika pia kwa kumfukuza mtu kazini, nayo mashine ilichagua maana ya pili. Mama mmoja, aliyekuwa hajamaliza miezi mitatu tangu afike nchi hii na watoto wanne, alikuja ofisini akiwa analia na ameshika karatasi zao zote za uandikishaji mkononi, akitaka kujua wamekosa nini. Nilipigiwa simu nimweleze. Nilimweleza, naye akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo bado ninalo: kama hawakuwa na maana hiyo, kwa nini waliandika hivyo? Tangu siku hiyo ofisi ina orodha ya sentensi ishirini na moja za dharura zilizokwisha kuandikwa kwa Kiswahili na kusahihishwa, zinazosubiri kujazwa saa na tarehe tu. Katika kazi yangu yote ya kujitolea, orodha hiyo ndiyo ninayoiona kuwa na manufaa makubwa zaidi.

Familia zetu zinatoka Kenya, Tanzania, Burundi na mashariki ya Kongo, na Kiswahili chao si kimoja. Kabla ya kuirudisha barua, mimi humsomea kwa simu mama mmoja wa Kongo aya zile nzito, naye hunikatiza pale neno langu linapomtatiza. Mara nyingi neno analolipendekeza ni rahisi kuliko langu.

Wazazi huniuliza kama wana haki ya kudai haya yote au kama ni hisani tu. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu wanafunzi wenye asili ya Kichina huko San Francisco, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule haiwezi kuwaweka watoto katika darasa wasiloelewa lugha yake na kusema imewatendea sawa na wengine. Tangu hapo wilaya nyingi za shule zimeweka utaratibu wa wakalimani na wa kutafsiri barua. Mlango wa utaratibu huo ni fomu ya lugha ya nyumbani, ile karatasi mnayojaza siku ya kumwandikisha mtoto, inayouliza ni lugha gani inazungumzwa nyumbani na ni lugha gani mzazi angependa kuandikiwa. Ninajua wazazi walioandika Kiingereza wakihofia kwamba mtoto atadharauliwa, na matokeo yake ni kwamba barua zote za dharura huwafikia kwa lugha wasiyoisoma vizuri. Andikeni Kiswahili. Kama mlikwisha kuandika vingine, ofisi inaweza kubadilisha. Na kwenye mkutano na mwalimu ombeni mkalimani mapema, kwa kuwa si vyema mtoto wa miaka tisa awe ndiye anayewatafsiria wazazi wake habari za alama zake mwenyewe.

Baada ya ratiba, kifungu kinacholeta maswali mengi ni cha mchezo wa nje. Wazazi waliokulia katika nchi za joto hushangaa, na wengine hukasirika, wanaposikia kwamba watoto hutolewa nje wakati wa mapumziko theluji ikiwa chini. Kila wilaya huweka kiwango chake cha baridi ambacho kikifikiwa watoto hubaki ndani, na kiwango hicho hakipimwi kwa kipimajoto peke yake, bali kwa baridi inavyohisiwa mwilini pamoja na upepo. Kwa mfano, hewa ikiwa nyuzi sifuri za Farenhaiti, yaani takribani nyuzi 18 chini ya sifuri za Selisiasi, na upepo ukivuma maili 15 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 19 chini ya sifuri za Farenhaiti, na kwa mujibu wa jedwali la Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa ngozi iliyoachwa wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Shule haziwatoi watoto katika hali kama hiyo. Lakini katika siku ya kawaida ya baridi watoto hutoka, na mtoto aliyevaa ipasavyo hurudi darasani mashavu yamechangamka na akili imetulia. Nimeshuhudia kwa macho yangu tofauti ya darasa lililocheza nje na lile lililofungiwa ndani wiki nzima.

Kuvaa ipasavyo ni elimu, nasi wengine tumeipata ukubwani. Koti moja nene halitoshi kama chini yake kuna fulana ya pamba iliyolowa jasho, kwa kuwa pamba ikilowa hushika maji na kumpoza mtoto. Nguo kadhaa nyepesi zilizopandana hutunza joto vizuri zaidi. Kwa mtoto mdogo, glavu zenye mfuko mmoja wa vidole vinne na mwingine wa gumba hupita zile za vidole vilivyotenganishwa, maana vidole vilivyokaa pamoja hupashana joto. Buti za theluji zivaliwe njiani na viatu vya kawaida viwekwe kwenye mkoba, pamoja na soksi kavu za akiba. Na jambo moja ambalo barua hulitaja kila Desemba nami hulipigia mstari: mtoto asifungwe mkanda wa kiti chake cha gari akiwa amevaa koti lililojaa sufi au manyoya, kwa sababu ajali ikitokea koti hilo hubonyea na mkanda hubaki umelegea. Mvueni koti kwanza, mfungeni mkanda, kisha mfunikeni nalo kwa juu.

Kwa familia isiyo na nguo hizo, shule yetu ina kabati la nguo linalosimamiwa na mshauri wa wanafunzi, na shule nyingi zina utaratibu unaofanana na huo. Hakuna fomu ndefu, wala mtoto haitwi mbele ya wenzake. Mzazi humwambia mshauri kipimo cha mtoto, na koti hurudi nyumbani ndani ya mkoba. Sisi wenyewe tulipata buti mbili hapo mwaka wa kwanza, na ninalitaja hili ili asiwepo mzazi anayeona haya kuuliza.

Kisha kuna magonjwa. Muuguzi wa shule huandika aya yake fupi karibu kila wiki, nayo haibadiliki sana: mtoto mwenye homa ya nyuzi 100.4 za Farenhaiti, yaani 38 za Selisiasi, abaki nyumbani, na asirudi mpaka zipite saa 24 bila homa na bila kumeza dawa ya kuishusha. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Kumpa mtoto dawa alfajiri ili homa ishuke hadi saa tano ni jambo ambalo ninaelewa kwa nini mzazi mwenye kazi ya zamu hulifanya, lakini darasa zima huugua nyuma yake. Kwa ugonjwa wa kutapika na kuhara, unaoenea sana majira haya, dawa ya mikono yenye kileo haisaidii vya kutosha. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, mikono ikisuguliwa kwa sekunde 20.

Aya hiyo ya muuguzi huja karibu na aya ya mahudhurio, na wazazi wengine huziona kama zinapingana. Hazipingani. Katika majimbo mengi mwaka wa masomo una siku 180 hivi, na mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku hizo, yaani 18, huhesabiwa kuwa mtoro wa kudumu hata kama kila siku aliyoikosa ina barua ya daktari. Siku mbili kwa mwezi zinatosha kumfikisha huko. Neno "mtoro" ni kali kwa mtoto aliyelala na homa, nami katika tafsiri huandika "mtoto aliyekosa siku nyingi mno", kwa kuwa lengo la hesabu hiyo ni kumtambua aliyeachwa nyuma ili asaidiwe. Kinachotakiwa kwa mzazi ni simu asubuhi ileile, aeleze sababu, na aombe kazi za darasa. Baridi peke yake, au theluji ambayo haikufunga shule, haikubaliwi kuwa sababu.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa habari za madarasa, ambao kwa bahati mbaya ndio wa kwanza kuachwa pale tafsiri inapocheleweshwa. Wiki mbili zilizopita darasa la tatu lilitoka nje na vipande vya karatasi nyeusi vilivyokuwa vimepozwa kwenye friji, watoto wakadaka chembe za theluji na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia kabla hazijayeyuka. Mwalimu aliwaeleza habari za Wilson Bentley, kijana wa kijiji cha Jericho katika jimbo la Vermont, ambaye mwezi Januari mwaka 1885, akiwa na miaka 19, aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji, na katika maisha yake akapiga nyingine zaidi ya 5,000. Watoto walihesabu pembe: sita, kila mara sita, kwa sababu molekuli za maji zinapoganda hujipanga katika umbo la pembe sita. Mwanangu alirudi nyumbani akanieleza haya yote kwa Kiingereza, kisha akaniuliza neno la pembe sita kwa Kiswahili. Nilipomwambia ni pembesita, alilirudia huku akichora. Kama barua ya wiki hiyo ingefika bila ukurasa ule, mzazi asiyesoma Kiingereza asingejua amuulize nini mtoto wake mezani jioni ile, na mazungumzo yangeishia kwenye "shule ilikuwaje" na "nzuri".

Tarehe za kukumbuka ni chache, na zilizo kubwa ni za taifa zima. Jumatatu ya tatu ya Januari shule hufungwa kwa heshima ya Martin Luther King Jr., aliyezaliwa tarehe 15 Januari 1929, na Jumatatu ya tatu ya Februari ni Siku ya Marais, ambayo wilaya nyingi pia hufunga. Februari yote ni mwezi wa historia ya Wamarekani Weusi, ulioanza mwaka 1926 kama wiki moja kwa juhudi za mwanahistoria Carter G. Woodson na kuwa mwezi mzima mwaka 1976. Mkutubi wa shule ametenga rafu kwa ajili hiyo, na ameomba wazazi wanaoweza waje wasome hadithi kwa sauti katika lugha yoyote. Nimejiandikisha kusoma kwa Kiswahili, na ninawasihi wazazi wenzangu mjiandikishe pia. Watoto wetu wanahitaji kuisikia lugha yao maktabani mbele ya wenzao. Siku ya mia moja ya masomo huangukia katikati ya majira haya haya, na kwa darasa la chekechea ni sherehe halisi. Mtoto ataombwa alete vitu mia moja vidogo, kwa hiyo anzeni kuhesabu vifungo au punje za maharage pamoja naye mapema, kumi kumi, maana hiyo ndiyo hesabu yenyewe.

Uandikishaji wa chekechea kwa mwaka ujao nao hufunguliwa katika majira haya, ingawa masomo yataanza baada ya miezi mingi. Mnatakiwa kuleta uthibitisho wa umri wa mtoto, uthibitisho wa mahali mnapoishi na kadi ya chanjo. Shule haimkatai mtoto kwa sababu ya hali ya uhamiaji ya familia yake. Hilo liliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Ninaliandika kila mwaka, na kila mwaka kuna mzazi ambaye hakuwa amelijua.

La mwisho kwa wiki hii ni meza ya vitu vilivyopotea, iliyo karibu na mlango wa ukumbi wa michezo. Nilipopita jana ilikuwa imejaa hadi vingine vimewekwa sakafuni: makoti matano, buti ya mguu mmoja, na glavu nyingi zilizokosa wenzake. Karibu zote hazina jina. Vitakavyobaki hadi Ijumaa ijayo vitapelekwa kwenye kabati la nguo, na huko havitakosa wa kuvivaa, lakini kuna kofia moja ya bluu iliyofumwa kwa mkono, yenye alama ndogo ya uzi mwekundu kwa ndani, ambayo nimemwomba katibu aiweke kando mezani pake. Nimeiandika juu kabisa katika barua ya leo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa aliyeifuma bila shaka anaiulizia nyumbani.